Ngendo, Posho na Mzigo wa Kuni

Hii hamtaiamini, na siwalaumu, maana hata mimi niliyefika darasa la nne na kumwacha mwalimu akikuna kichwa sijawahi kusikia nyingine ya kuikaribia. Ni habari ya shemeji yangu Ngendo, aliyemfundisha mtoto wa mbwa kukaa kitako bila kumgusa kwa fimbo, hata ile ya kuchokolea meno. Nasema mwaka wa hamsini na saba, kwenye shamba la kahawa kati ya Ruiru na Thika, wakati fimbo ilikuwa mwalimu wa kila kitu: punda, ng'ombe, watoto, na sisi wenyewe.

Ngendo alikuwa mke wa kaka yangu Gachanja. Gachanja alikuwa kizuizini mwaka wa tatu, na barua zake zilifika zimefutwa-futwa hadi zikabaki salamu tu. Chumba cha Ngendo kwenye kambi ya wafanyakazi kilikuwa na kitanda, sufuria mbili na kimya. Kimya ndicho kilichomwelemea. Alikuwa amefikia hatua ya kuisemesha sufuria kubwa, na jioni moja alipohisi inataka kumjibu, akajua mambo yameharibika.

Basi siku ya kugawiwa unga alirudi akakuta kitu cha rangi ya udongo kimelala ndani ya gunia lake tupu, kinakoroma. Hakuuliza kimetoka wapi. Alikiita Posho, akakipakulia uji, na usiku huo sufuria ikapumzika.

Shida ya Posho ilikuwa furaha. Akikuona anakurukia, akiona kuku anawarukia, akiona nguo zimeanikwa anazirukia pia. Wiki ya tatu nyapara Mulei akaja mlangoni, mtu mrefu wa upande wa Yatta, asiyecheka upesi.

"Mama," alisema, "kuku wawili wa mwenye shamba wamebaki bila mikia."

"Mikia huota, Mulei."

"Ya kuku, ndiyo. Kazi yangu haioti. Nimeambiwa mbwa asiyemsikia mwenyewe apande lori la Thika, na huko asirudi. Jumapili baada ya ibada nitapita. Ukimwambia akae, akae."

"Na akikaa?"

"Akikaa ni mbwa wa mtu. Asipokaa ni mnyama wa porini, na porini si hapa."

Jirani yake Wangeci, mwanamke wa mapendekezo mengi, alikuwa amesikia yote kupitia ukuta. "Mchape mara tatu," akasema. "Ya nne atakaa mwenyewe."

"Wewe shuleni ulichapwa mihula mingapi?"

"Minne."

"Ukajifunza nini?"

Wangeci akafikiri kwa dhati. "Kukimbia."

"Basi mimi sitaki mbwa wa kukimbia."

Ulikuwa msimu wa kupogoa mikahawa. Mchana Ngendo alikusanya matawi yaliyokatwa, na jioni aliyabeba mgongoni, mkanda ukiwa umebana paji la uso, akipita katikati ya mistari ya kahawa iliyokwisha kuchanua. Mvua ilikuwa imenyesha mara moja tu, na mikahawa yote ikaitikia pamoja, nyeupe hadi ng'ambo ya mto. Harufu yake ilikuwa tamu na nzito, ya kumfanya mtu asahau anakokwenda. Ngendo alitembea ndani yake kama mtu anayeota yuko macho. Mara nyingine alimwona Gachanja mwisho wa mstari, amevaa shati jeupe, na akifika hukuta ni tawi lenye maua.

Aliyekuwa kweli mwisho wa mstari ni Posho, akingoja. Ngendo alikuwa na kipande cha kiazi kitamu kilichochomwa, kimefungwa kwenye pindo la leso. Kila akifika mlangoni alishuka taratibu, akalegeza mkanda, mzigo ukagusa chini, na pumzi ndefu ikamtoka. Halafu alikishika kiazi juu ya pua ya Posho na kukisogeza nyuma polepole. Macho ya mbwa yalifuata kiazi, kichwa kikainuka, na matako, yakikosa la kufanya, yakaenda chini. Papo hapo kiazi kikaingia mdomoni. "Ndivyo," alimnong'oneza. "Ndivyo, baba."

Jioni ya nne hakuhitaji kukisogeza kiazi. Jioni ya sita Posho alikaa kabla harufu ya kiazi haijamfikia. Ngendo alilala akitabasamu gizani, pua yenye unyevu ikiwa kwenye kisigino chake.

Jumapili Mulei akaja na kamba ya katani begani. Kambi nzima ilikuwa imetoka ibadani na haikuwa na haraka. Ngendo alisimama katika gauni lake la maua, mikono imeoshwa.

"Posho, kaa."

Posho akamrukia.

"Kaa, baba."

Posho akamrukia Mulei pia, kwa usawa. Watu wakacheka. Mulei hakucheka, alianza kuikunjua kamba, bila raha.

Ngendo akapiga hatua mbele. Alimtazama mbwa, na mbwa akamtazama mgongo, kama anayetafuta kitu kilichopungua. Hapo akaelewa. Hakuwahi kumfundisha neno. Alimfundisha kuni.

"Ningoje," akasema. Akaenda nyuma ya nyumba, akajitwisha mzigo mzima wa kuni akiwa na gauni lake la kanisani, mkanda ukakunja kitambaa cha kichwa. Akaja akiinama, akashuka, akalegeza, mzigo ukagusa chini, pumzi ikamtoka.

Posho akakaa, wima, mtulivu kama mzee wa kanisa.

Mulei alimzunguka mara moja. "Kwa hiyo kila mtu akitaka mbwa huyu akae, aende kwanza msituni?"

"Nipe wiki."

"Wiki moja. Na Jumapili ijayo, mama, bila kuni."

Wiki hiyo Ngendo alipunguza mzigo kama anayeshuka ngazi. Jumatatu alibeba nusu, na kabla ya kuinama akasema "kaa". Jumatano yalikuwa matawi matatu. Alhamisi mkanda mtupu kwenye paji la uso, na Wangeci akauliza kupitia ukuta kama jirani yake amerukwa na akili. Ijumaa ilibaki pumzi. Posho akikosea, hakugombezwa. Kiazi kilirudi tu kwenye leso, na wote wawili wakaanza upya, maua ya kahawa yakidondoka juu yao polepole, mpaka wakawa na madoa meupe wote wawili. Jumamosi Ngendo alifumba macho, akasema neno peke yake, na akaogopa kuyafumbua.

Jumapili mimi mwenyewe nilikuwepo, nimetoka Kiganjo kwa miguu, kwa hiyo hapa msinibishie. Ngendo alisimama mikono mitupu. Akasema "kaa" mara moja, kwa sauti ya kawaida. Posho akakaa, na Mulei akairudisha kamba begani. Na si Posho pekee. Kwa neno lile mbwa wote wa kambi wakakaa, kuku wakakaa, Mulei akakaa juu ya jiwe, na treni iliyokuwa ikienda Thika ikapunguza mwendo, ikapiga honi, ikasim—

"Shemeji," akasema Ngendo, aliyekuwa nyuma ya bega langu muda wote huo akisoma ninachoandika, "Jumapili hiyo treni haikupita. Na wewe ulifika tumeshamaliza kula."