Fundi Aliyepima Jiko Langu Akiwa Nje

Shemeji yangu ameshakufa miaka mingi, na kwa mambo mengine yote nimemsamehe. La jiko bado.

Alikuwa kaka mkubwa wa mume wangu, na katika ukoo wao yeye ndiye aliyesema neno la mwisho. Mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya misheni hapa Mwika. Mbele ya wanafunzi wake alikuwa simba, lakini mbele ya kaka yake alikunja mikono na kusema, "Ndiyo, kaka." Nilipoolewa niliona ni adabu njema. Baadaye nikaona gharama yake.

Wakati huo Mwingereza alikuwa bado anatawala, vita vimekwisha miaka michache, na kahawa ilikuwa inauzika vizuri. Tulikuwa na nyumba ya mabati, lakini jiko letu lilikuwa kibanda cha miti na udongo kilichoezekwa majani makavu ya migomba, bila dirisha, na mafiga matatu sakafuni. Nilipika humo miaka tisa. Macho yangu yalikuwa mekundu Jumapili na siku za kazi. Mtoto wetu wa tatu alikohoa tangu alipojifunza kutambaa.

Siku moja mume wangu akasema, "Mama watoto, mwaka huu tutatengeneza jiko."

Nilifurahi kama msichana. Nilijua ninachotaka: jiko la kuinuka ili nipike nimesimama, dohani ya kuutoa moshi, na dirisha moja. Sikuomba kingine.

Fundi akaletwa na shemeji. Alikuja kwa baiskeli, na futi ya chuma inayojikunja yenyewe ndani ya kikopo chake. Alijiita kontrakta. Neno lenyewe tulikuwa tumeanza tu kulisikia, na shemeji alilitamka taratibu kama anayetaja cheo cha serikalini. Huyu ndiye aliyejenga jiko la mzee wa kanisa, akatuambia, na dohani yake inaonekana tangu barabarani.

Walikaa barazani, shemeji, mume wangu na kontrakta. Mimi nikaleta kahawa. Walipomaliza kunywa, fundi akasimama akaenda jikoni kwangu. Moto ulikuwa unawaka. Akafika mlangoni, moshi ukamgonga usoni, akarudi nyuma. Basi akazunguka kibanda, akapima ukuta kwa nje, akaandika kwenye kitabu, akafunga kitabu. Mguu wake haukuvuka kizingiti.

Nikasema, "Fundi, nina neno. Ningependa dirisha upande wa..."

"Dirisha?" akamgeukia mume wangu, si mimi. "Mwalimu, sufuria zitatazama nini nje?"

Shemeji akacheka mpaka akakohoa. "Mwache fundi afanye kazi yake, shemeji. Jiko likiisha utaonyeshwa."

Nitaonyeshwa! Jiko ambalo nitaamka kulikalia kila asubuhi mpaka nizeeke, nitaonyeshwa! Hilo ningeweza kulimeza. Lakini mume wangu naye alicheka. Kidogo tu, kwa ajili ya kumfurahisha kaka yake, na mimi nikakisikia kicheko hicho, nikakusanya vikombe nikaondoka.

Usiku ule nilimwomba mume wangu asikubali chochote mpaka tuzungumze vizuri. Akaniahidi.

Wiki ile ile dada yangu alijifungua kule Kahe, na nikaenda kumsaidia, mtoto wetu wa tatu mgongoni. Mumewe alifanya kazi reli, nao walikuwa wamejenga nyumba yao karibu na stesheni. Kahe ni joto, mbu wanang'ang'ania, na nilikwenda nikijua nitateseka jikoni kuliko hata nyumbani. Siku ya kwanza nikapika uji, nikapika maharage, nikapika ndizi, na mchana nikashtuka kwamba sijafuta jicho hata mara moja. Moshi ulikuwa unapanda ndani ya dohani moja kwa moja kama umeitwa.

"Nani alijenga hili?" nikamwuliza dada.

"Mzee mmoja wa Shirimatunda, kule Moshi mjini. Mwislamu. Alikaa hapa siku nzima akinitazama napika kabla hajachanganya hata udongo. Nikadhani ana wazimu."

Nikamweleza habari ya kontrakta. Dada yangu, mtoto yuko kifuani, akaniambia, "Mdogo wangu, usiulize habari za fundi sebuleni. Wanaume wataisifu dohani kwa sababu wanaiona wakiwa njiani. Nenda jikoni kwa huyo mzee wa kanisa, ukamwulize mkewe."

Nilirudi baada ya siku kumi na mbili. Nilipoingia kihambani, kati ya migomba na mibuni yetu, niliona mwanga mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Paa la jiko halikuwepo. Ukuta mmoja ulikuwa umeangushwa. Mafiga yangu yalikuwa yametupwa kwenye migomba, moja huku, jingine kule, na chungu changu kikubwa kimepasuka mdomo.

Mume wangu alisimama mlangoni. "Kaka amesema fundi ana nafasi wiki hii."

"Na wewe ulisema nini?"

Akainama kuokota kipande cha chungu. Nikajua alisema, "Ndiyo, kaka."

Sikupiga kelele. Niliweka mzigo chini, nikamlaza mtoto, nikaenda kwenye migomba, nikayaokota mafiga yangu moja moja. Nikayapanga mbele ya baraza, hatua tano kutoka kwenye viti vya wageni, nikawasha moto wa kuni mbichi. Moshi ukaingia barazani, ukaingia sebuleni, ukaingia kwenye vitabu vyake vya shule. Fundi alipofika kesho yake nikamwambia arudi alikotoka, kwa sababu hapa pana mpishi anapika. Mwinjilisti alikuja kusalimia, akakaa kidogo, akaaga akijifuta macho.

Siku ya tatu mume wangu akasema, "Mama watoto, unataka nini?"

"Nataka tuende mahali pamoja. Nusu saa tu."

Nikampeleka kwa mzee wa kanisa. Alikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa sebule kama alivyozoea, nikamshika mkono. "Si huko. Huku."

Mke wa mzee alikuwa jikoni anapika machalari, ndizi na nyama, amejifunga khanga mdomoni. Alishangaa kumwona mwalimu, lakini akampa kigoda. "Karibu, mwalimu. Kaa."

Akakaa. Nami nikasimama mlangoni ili asipate njia ya kutoka haraka. Yule mama akachochea kuni, na moshi ukatoka kwenye meko, ukagonga dari, ukashuka tena wote juu yetu.

"Dohani haifanyi kazi?" mume wangu akauliza, sauti imeanza kukwama.

"Dohani ni nzuri sana, mwalimu," yule mama akasema. "Ndege wamezalia humo. Moshi haujapita humo hata siku moja."

"Mzee anajua?"

"Mzee hajawahi kuingia humu."

Mume wangu alivumilia dakika chache, kisha akanipita akatoka nje, akainama kwenye mbuni, akakohoa machozi yakimtoka. Alipoinuka akasema, "Nimekula katika nyumba hii mara ngapi?" Njiani nikamweleza habari ya mzee aliyejenga jiko la dada. Tulipokaribia kwetu akasema, "Nitamwambia kaka." Na safari hii alimwambia.

Shemeji alikuja amevimba. "Mwislamu wa mjini, tusiyemjua hata baba yake ametoka wapi, ndiye ajenge kwa mwalimu wa misheni? Watu watasema nini?"

Haikuwa zamu yangu kusema, lakini nilisema. "Shemeji, hao watakaosema, nani kati yao atakuja kunipulizia moto?"

Akaniangalia kana kwamba jiwe la figa limetoa sauti. Akaondoka bila kuaga.

Yule mzee wa Shirimatunda alipanda kwa lori hadi barabara kuu, akaja kwa miguu na mfuko wake: mwiko wa kujengea, timazi na kamba ya katani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Jiko ni la nani?"

"Ni langu."

"Basi pika, nikutazame."

Alikaa juu ya jiwe. Akauliza chungu kikubwa hukaa wapi, nampakata mtoto wapi nikipika, mchana upepo hupanda kutoka tambarare au hushuka kutoka mlimani. Kisha akanirushia ncha ya kamba, kwa heshima, asinikaribie. "Shika hapa kiwikoni, wacha ianguke mpaka chini, halafu upige fundo." Nikapiga fundo. Hicho ndicho kikawa kimo cha jiko langu.

"Na dirisha unalitaka upande gani?"

Nikainama kuchochea moto. Alidhani sikusikia, akauliza tena.

Alijenga majuma mawili. Nyama yetu hakula, kwa kuwa haikuchinjwa na Mwislamu, na watu wa upande wa shemeji wakaeneza kwamba anatudharau. Nilimpikia ndizi na maharage na maziwa, akala akashukuru. Shemeji alikuja mara moja tu. Alizunguka ukuta, akausukuma kwa ncha ya kiatu, akamwambia mume wangu kwa Kichagga, ili mgeni asielewe, "Huyu atatuibia saruji."

Yule mzee alikuwa ameishi Moshi miaka thelathini. Akajibu kwa Kichagga, bila kugeuka, akiendelea kupanga tofali, "Mifuko ile pale, mkubwa. Ihesabu kwanza, halafu ndipo unitukane."

Niliona haya kwa ajili yetu sote. Jioni ile mume wangu alimwomba radhi kwa jina la nyumba yetu, na mzee akasema yamekwisha. Kwangu hayakwisha.

Jiko lilipokamilika, moshi ulipanda kama ule wa Kahe. Kikohozi cha mtoto kilipungua kabla ya mvua za masika. Mume wangu alizoea kuleta madaftari ya wanafunzi akayasahihishia kwenye mwanga wa dirisha langu.

Na shemeji? Mwaka uliofuata alimwita kontrakta wake yule yule, wakamjengea mkewe jiko lenye dohani ndefu kuliko ya mzee wa kanisa. Mvua ya kwanza ilipowaloweshea kuni, mke wake alikuja kwangu na sufuria kichwani, macho yamevimba. Nikamsogezea nafasi. Alipika kwangu masika ile na masika zilizofuata, akabeba chakula kikiwa moto mpaka kwao. Shemeji alikula, akajifuta mdomo, akawaambia wageni wake wanyooshe shingo waitazame dohani.

Mkewe alinisihi nisimwambie mtu chakula kilipikwa wapi, na sikusema, kwa ajili yake tu.