Mama, Mtoto na Mjukuu Nyuma ya Zizi

Enzi zetu kijijini Gitting, kabla hatujaambiwa kwamba sisi si watu wa Arusha tena bali wa Manyara, mgomba ulikuwa mgeni. Tulikuwa watu wa mahindi, maharage na ng'ombe. Asubuhi tulikwenda shule pekupeku, umande wa mlimani ukituganda miguuni, mchana tukarudi kwenye ugali na maziwa mgando. Ndizi tuliiona siku mtu akienda gulioni. Watoto wangu ukiwapa ndizi mbivu wanauliza kama hakuna biskuti. Sisi moja tuligawana wanne, na ganda tulilikwangua kwa meno.

Migomba ya kwetu ililetwa na Mama Mwalimu, mke wa mwalimu wangu wa darasa la nne, waliohamishiwa kwetu kutoka Bukoba. Alimpa mama machipukizi manne kwenye gunia, akamwambia ayapande penye samadi. Mama akamwomba baba kipande nyuma ya zizi, na baba akampa. Shamba la mahindi lilikuwa la baba, ng'ombe wa baba, hata jogoo hakuuzwa kabla baba hajaambiwa. Nyuma ya zizi tu ndipo mama alipoamua mwenyewe nini kikae wapi. Alikuwa akiingia pale anaimba.

Migomba ikashika, ikaanza kuzaa watoto, na hapo tukakosea kosa ambalo watu wa ng'ombe tu wanaweza kulikosea. Kwetu uzao haupunguzwi. Jioni tulipomaliza kuhesabu ndama, mimi na kaka yangu Emanueli tulihamia kwenye migomba tukahesabu watoto wake, kila mmoja na wa kwake, tukawapa na majina. Shina moja lilikuwa na watoto kumi na mmoja. Baba alileta wageni waone. Lakini mikungu ilipotoka ilikuwa na vindizi kama vidole vya mtoto mchanga, na mmoja uliangushwa na upepo kabla haujakomaa.

Siku moja Mama Mwalimu akaja kutusalimia. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako nyuma ya zizi.

"Jamani, hii migomba mnaifuga?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha akamweleza mama taratibu. Kila shina libaki na mama, mtoto mmoja na mjukuu mmoja, wengine wote wang'olewe, maana wanakula chakula cha mama yao. Akaniambia nichague mtoto wa kubakiza. Mimi binti wa mfugaji nikamwonyesha yule mnene mwenye majani mapana.

"Huyo mlaji tu," akasema. "Mwache huyu mwembamba, majani yake kama mkuki. Huyu ameshika kwa mama yake chini kabisa."

Baba aliposikia hakukasirika, alishangaa tu. "Mtu gani anachinja ndama wote akabakiza mmoja?" Akakataza, na sisi tukajua neno limeisha.

Kumbe kwa mama halikuwa limeisha. Alisubiri siku ya mnada wa Katesh. Miaka ile mitumba ilikuwa imeanza kumwagwa mnadani kama mahindi, na baba akienda alikuwa harudi mapema, anatafuta koti. Alipopotea tu kwenye kona, mama akaniita, "Paskalina, leta sululu." Tukang'oa toka asubuhi. Nilipofika kwa wale niliowapa majina nililia, sioni aibu kusema. Mama hakunibembeleza. "Lia, lakini usiache kuchimba," akasema.

Baba alirudi na koti lake jipya, akakuta ng'ombe wanatafuna rundo la machipukizi. Kisha akasema polepole kwamba mahindi ya mwakani yakishavunwa na pale nyuma ya zizi bado hakuna mkungu wa maana, atang'oa na iliyobaki, na kipande kitakuwa cha ndama.

Mwaka ule sikucheza Jumamosi. Wenzangu wakikimbiza mpira wa majani makavu ya migomba yetu wenyewe, mimi niko nyuma ya zizi na jembe, maana chipukizi ukilikata juu juu linarudi wiki ijayo likiwa na hasira. Ni lazima ushuke mpaka kwenye kiini chake. Tulimwaga samadi, tukamwaga na majivu. Mama alikonda. Baba hakutusaidia wala hakutuzuia, ila nilimwona akipita pale mara nyingi kuliko njia ilivyomhitaji. Baridi ya Juni ikaja, mahindi yakakauka, na migomba imesimama minene, mikubwa, haina kitu.

Siku tuliyomaliza kuvuna, baba akachukua sululu. Tukamfuata, mama mbele. Kwenye shina la mwisho, juu kabisa, ua la zambarau lilikuwa limechungulia.

"Hilo ni ua," baba akasema. "Mimi nilisema mkungu."

Mama akasimama kati yake na mgomba. Sijawahi kumsikia akiongea naye kwa sauti ile, ya chini, bila kuinamisha macho. "Baba Emanueli, ng'ombe mwenye mimba wewe unamchinja?"

Baba akatazama ua, akamtazama mama. Akaegemeza sululu kwenye uzio akaenda zake kunywesha ng'ombe. Mkungu ule ulipokomaa ulibebwa na watu wawili. Tulipika ndizi na maharage, tukapeleka kwa Mama Mwalimu, tukapeleka na kwa majirani.

Mama alitutoka miaka mingi iliyopita. Mimi nafundisha Babati. Vijana wa kule nyumbani kwa baba wana simu, wamenionyesha video za kilimo cha migomba kutoka nchi nisizozijua, na wanazieleza vizuri kweli. Lakini jembe wamelisahau kwenye mvua. Enzi zetu hatukujua kitu, ila tukishaelezwa tuliinama. Sasa wanajua kila kitu, mgongo tu ndio haupindi.

Desemba baba alinipigia. "Njoo, Paskalina. Mimi siwezi kuinama tena, na hawa wananiachia msitu."

Nilikwenda. Nikavua viatu, nikashika sululu, na baba akaletewa kigoda akakaa pembeni ya shina. Ana miaka themanini na kitu, macho hayaoni mbali, lakini chipukizi analijua. Ananyoosha fimbo: huyu abaki, yule atoke. Nikafika kwa mmoja mzuri, mnene, nikasita, nikamwambia huyu tungemwacha tu, baba.

"Toa," akasema. "Mama yako asingemwacha."