Sukari Badala ya Supu

Mwanangu, siku moja haijawahi kunitoka akilini. Ni ile siku niliyommwagia mtu sukari juu ya wali, na yeye alikuwa ameomba supu.

Najua unafunga mizigo kwenda kusoma Kichina, na mama yako ameniomba nikae nawe kidogo kabla hujaondoka. Basi kaa, chai bado ni moto. Nilikuwa na umri kama wako nilipotoka hapa Matiliku kwenda huko. Kanisa zima lilinisindikiza hadi barabara kuu, wakaimba mpaka basi likaondoka. Nilipanda nikijiona mtu mkubwa sana.

Mji niliofikia uko kaskazini kabisa mwa China, mahali ambapo mto unaganda na watu wanatembea juu yake. Sisi tuliozoea jua la Makueni, baridi ile hatuna hata jina lake. Bwenini nilikaa na wasichana wa Zambia na Uganda, watu wazuri mno. Tukitoka darasani tulifunga mlango, tukapika ugali, tukaongea Kiingereza na kucheka. Kichina nilikiacha darasani kama mtu anavyoacha mwavuli.

Pesa za skolashipu zilitosha chakula na vitabu, lakini koti la maana lilinishinda. Nikaanza kutafuta kibarua. Nilizunguka kwenye mikahawa iliyokuwa karibu, na kila mahali nilifukuzwa kwa upole, kwa sababu nikiulizwa swali nilitabasamu tu. Mwalimu wangu wa lugha aliposikia, aliniita kando. Akaniambia mwanafunzi wa kigeni akifanya kazi bila ruhusa anaweza kurudishwa kwao, akanipeleka mwenyewe kwenye ofisi inayohusika. Ruhusa ilipotoka, nikapata kazi ya saa chache kwenye kantini ya chuo.

Aliyesimamia kantini alikuwa mama wa makamo aitwaye Sun. Tulimwita Shangazi Sun, kwa maana huko pia mwanamke wa rika lile huitwa shangazi hata kama si ndugu yako. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Aliniweka chumba cha nyuma, nioshe kabichi. Nami nilifurahi, mwanangu, kwa sababu kule nyuma hakuna aliyenisemesha. Nilikuwa na kazi, nina koti, na sihitaji kufungua mdomo.

Ikapita miezi kadhaa hivi. Siku moja Shangazi Sun akaja akasimama mlangoni, akaniangalia nikiosha. Akasema polepole, ili nielewe, "Kabichi haziongei. Kesho utasimama dirishani upakue chakula."

Nilimsihi aniache nilipo. Akageuka akaenda zake.

Kesho yake nikasimama dirishani, foleni ndefu mbele yangu. Mvulana mmoja akanyoosha sahani ya wali, akaniomba nimwongezee kitu kiitwacho *tang*. Sasa Kichina, kama utakavyoona, ni lugha ya sauti. Ukilinyoosha neno hilo juu bila kulitikisa, ni supu. Ukilipandisha kama mtu anayeuliza swali, ni sukari. Mimi niliona bakuli la sukari karibu na mkono wangu, nikachota kijiko kikubwa, nikammwagia juu ya wali wake.

Foleni nzima ilicheka. Nadhani hawakucheka kwa ubaya, hata huyo mvulana alicheka. Lakini mimi niliweka kijiko chini, nikaenda nyuma kwenye magunia ya unga, nikalia. Palepale niliamua kurudi nyumbani. Niliwaza nitakavyoingia kanisani watu wakiniangalia, nikaona afadhali aibu hiyo kuliko ile ya dirishani.

Shangazi Sun alimaliza kuhudumia foleni, ndipo akaja. Nilimwambia naenda ofisini kuomba tiketi ya kurudi. Hakunibembeleza. Alivuta kiti akaketi, akaniuliza mama yangu aliniitaje. Pale chuoni nilikuwa nimepewa jina la Kichina, na pale kantini hakuna aliyejua lile lingine.

"Mwende," nikasema.

Akajaribu. Likatoka limelala, kama jina la kitu. Nikamwambia hapana, nikalitamka tena. Akajaribu tena, akalipindua upande mwingine. Nikamwonyesha kwa mkono mahali sauti inapanda na mahali inashuka, jinsi mama anavyoita akiwa jikoni. Tukaendelea hivyo mpaka likakaribia, nami nikajikuta nimeacha kulia.

Hapo akasema, "Nimekosea jina lako mara nyingi. Umeniona mjinga?"

Nikasema sikumwona hivyo hata kidogo. Nilifurahi tu kwamba alikuwa akijaribu.

"Basi na wale wa foleni ni hivyo hivyo," akasema. Akainuka akarudi kwenye sufuria zake.

Nilibaki nimeketi juu ya gunia nikifikiria. Ndipo nikang'amua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyenionyesha. Kikamba chetu nacho kinapanda na kushuka. Tangu utotoni nimekuwa nikisema lugha ya sauti bila kujua. Sikuwa mgeni wa kitu kile kama nilivyodhani. Kesho yake nilirudi dirishani, na wiki ile nilikosea vibaya sana, lakini sikukimbia tena.

Sikukuu ya mwaka mpya wao ilipofika, chuo kilifungwa na Shangazi Sun akanichukua kwake. Mumewe alikuwa mzee mcheshi aliyetaka kujua kama kwetu kuna simba. Asubuhi wakaniwekea bakuli mezani. Mwanangu, nilitazama ndani nikakuta mahindi yaliyokobolewa, yamepikwa na maharagwe mpaka yakalainika. Muthokoi! Maji yalikuwa mengi kuliko tunavyopenda sisi, lakini ilikuwa muthokoi. Nilikula bakuli hilo, nikala na jingine.

Siku hiyo hiyo mama alinipigia. Ilibidi apande kilimani kupata netiweki, na upepo ulikuwa ukivuma kwenye simu. Nilipomweleza niko kwa nani, alisema nimpe huyo mama simu. Nikamwambia hawataelewana. Akasema, "Kwani wewe umeenda kusomea nini?"

Basi nikaketi katikati yao. Mama akasema kwa Kikamba, "Mwambie mimi nilimzaa mtoto huyu, na yeye ananilelea. Mungu ampe maisha marefu." Nikayatafsiri yote. Shangazi Sun akasema, "Mwambie mama yako alinipa mtoto anayejua kazi." Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya kwanza. Baadaye nilifanya kazi hiyo miaka mingi, hata reli ilipopita kwetu nilikaa kati ya mafundi wa Kichina na wazee wetu kule Kambu. Lakini hakuna siku niliyotafsiri maneno mazito kuliko yale.

Kwa hiyo, mwanangu, sikia. Ukifika, usijifungie na wenzako wa nyumbani, ingawa utawahitaji na usiwaache. Kibarua kitafute, ila ruhusa kwanza, hata ukiona wengine wanafanya bila. Na ukipewa kuchagua, chukua kazi itakayokulazimisha kuongea, hata kama ile ya kimya ni rahisi zaidi. Watu watacheka. Cheka nao, kisha uliza neno sahihi ni lipi. Mtu mzima akikukaripia kwa ajili ya faida yako, usimnunie, maana hana deni na wewe na angeweza kunyamaza. Na umshukuru angali hai akusikie.

Lete mikono yako nikushike. Mungu aliyenitangulia katika nchi nisiyoijua akutangulie na wewe. Akupe walimu wavumilivu, akupe meza ya kukaribishwa, na midomo yako aifungue. Uende ukiwa mzima, urudi ukiwa mzima, nasi tuwepo kukupokea.