Majivu ya Kuzuia Siafu

Msimu ule wanunuzi binafsi walipoanza kuja kwetu Bariadi, pamba ilinijengea nyumba ya bati, nikamwalika mama mkwe aje kuiona. Asubuhi ya siku aliyokuja nikakuta siafu uani. Haraka nikaizungushia nyumba majivu ya moto, nikajiona fundi.

Mama mkwe alipoketi tu sebuleni, ukuta uligeuka mweusi ukaanza kutembea. Siafu walishuka maelfu kwa maelfu, kimya, kama mto usio na mwisho. Nilisimama nikiwatazama.

“Baba Kulwa,” mke wangu alininong'oneza, “kumbe walishaingia, nawe umewazibia pa kutokea!”

Nilitaka kujibu, lakini walikuwa wameshanifika mapajani. Nikavua suruali palepale, na mama mkwe akajifunika kitenge usoni.