Benchi la Nje

Wivu wangu sikuuficha. Darasa la Biblia la akina mama kanisani kwetu, pale mtaani Mashimoni, lilikuwa langu. Nikisema fungueni Injili, zinafunguliwa. Halafu akaja binti mmoja mtaa wa Kawangware 56, amesomea theolojia, heleni kubwa, anafundishia katika chumba cha kukodi nyuma ya saluni. Wanawake wangu wakaanza kupotea. Ukiuliza, "Ah, tulikuwa kwa madam." Madam! Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni alikuja nikaugua.

Hayo ningemeza. Lakini binti yangu wa pekee naye akaacha darasa langu akaanza kwenda huko. Zii, kwa huyu sikukubali. Jumamosi nikafunga kibanda changu cha mboga, nikaenda kujionea hiyo asali yao.

Nikakaa nyuma kabisa, leso imefunika nusu ya uso. Somo lilikuwa la yule mwanamke aliyetokwa damu miaka mingi, akagusa vazi la Yesu. Hadithi yangu hiyo! Mimi huifundisha kama habari ya imani, basi. Yeye akauliza, "Yesu alipoguswa na mwanamke mwenye damu, alikimbia kuoga?" Watu wakacheka. "Alimfukuza?" Wakatikisa vichwa. "Sasa nyinyi mnafukuzwa na nani?"

Nikajua tunasemwa sisi. Kwetu, mwanamke akiwa kwenye siku zake haingii kanisani. Hukaa benchi la nje, chini ya dirisha, na kila anayepita na mtungi wa maji anajua kwa nini yuko hapo. Desturi hiyo wazee walikuja nayo mjini kutoka kwao kando ya ziwa, nami sikuwahi kuigusa.

Binti yangu akainua mkono. Akaisimulia habari ile yote bila kufungua Biblia, na pale mimi hupumua, naye akapumua.

"Nani alikufundisha hivyo?" madam akauliza.

"Mamangu." Kichwa kikanivimba, jamani. "Lakini hapo nilikuwa benchi la nje. Nilisikia kupitia dirishani."

Madam akamwekea mkono begani. Haki ya Mungu, mkono ule niliuonea kijicho mpaka nikaondoka bila kuaga.

Jumapili nikiwa mbele ya darasa, nikatupa macho dirishani nikamwona. Amerudi kwangu, na amekaa benchi lile lile, ananitazama tu.

Ningependa kusema niliwaza haki za wanawake. Uongo. Niliwaza ule mkono begani. Nikatoka, nikamshika, nikamwingiza mpaka mstari wa mbele.

Mzee wa kanisa akasimama. "Mama, unajua sheria. Huyo akikaa humu, hili darasa si lako tena."

Wanawake wote wakanitazama. Darasa lile nililipenda, na sina lingine.

"Basi chukua darasa, mzee," nikamwambia. "Huyu ni wangu."