Nguo Iliyokwisha Kuvaliwa

Miaka ya tisini nilikuwa na duka katika mji wa Sur, nikiliuzia jeshi mavazi. Mara moja tuliletewa nguo za kujikinga na mionzi, zilizoshonewa majaribio ya nyuklia katika jangwa la mbali. Muuzaji alituapia kuwa ni mpya. Shangazi yangu, fundi cherehani, alipopindua kofia ya nguo moja ili aikaze mshono, alikuta unywele mrefu wa mvi.

"Hii imeshavaliwa, mwanangu," akasema, akaiweka chini.

Askari wa ukaguzi, aliyetumwa na jeshi kuupokea mzigo, alipitisha kipimo chake cha mionzi. Kilikuwa kimya mpaka kilipofika kwenye nguo ile, kikaanza kulia. Akatutoa nje, akaitia kwenye pipa, akalipakia garini aende kuizika jangwani, njia ya kwenda mji wa Ashkhara.

Shangazi alikuwa bado ananawa mikono. "Na aliyeivaa," akamuuliza, "yeye kazikwa wapi?"

Askari akapandisha kioo cha gari.