Sungura wa Fundi Magodoro

Mume wangu ni fundi magodoro, na tangu anioe sijamsikia akikubali kwamba kuna kitu cha kushonwa kinachomshinda. Magodoro yake ni ya sufi, si haya ya sponji yanayobonyea mtu akikohoa. Anashindilia sufi kwa mpini wa jembe, anapitisha lile sindano lake refu kutoka huku hadi kule, anakaza fundo, kisha analilalia mwenyewe kulipima. Akisinzia, basi godoro limeiva. Mtaani wanamwita Fundi. Mimi namwita Mzee, na tukikorofishana namwita "wewe".

Binti yetu wa mwisho alipokuwa na mimba ya pili miguu ilimvimba, daktari akamwambia alale tu, asishike kazi. Tukaletewa mjukuu tukae naye. Mtoto wa kike, hajaanza shule, anasema tangu anafumbua macho, ndiyo maana tukamwita Chiriku. Alikuja na mfuko wa nguo na kiapo chake.

"Mimi sirudi nyumbani. Huyo mtoto akizaliwa, akae yeye huko. Mimi nakaa hapa mpaka niwe bibi."

"Utakula nini, mke mwenzangu?" nikamuuliza.

"Chakula cha babu."

Tukacheka. Lakini kila mama yake akipiga simu, Chiriku anaingia chini ya kitanda. Siku moja nikamkamata, nikambandika simu sikioni. Akasema, "Mteja unayempigia hapatikani," akaniachia simu yangu mkononi. Binti yangu akalia. "Mama," akaniambia, "mwanangu amenikataa." Hapo nikaacha kucheka.

Mzee akasema dawa anayo. "Namshonea sungura. Akiwa na wake wa kulea, atamkubali na wa mama yake."

"Wewe ushone sungura? Utatuletea godoro lenye macho."

"Bi Mkubwa, kitu chochote chenye kitambaa nje na sufi ndani, hicho ni changu."

Akachukua shati lake la kaki, lile nililokuwa nimeliweka liwe tambara la kupigia deki. Kitambaa chake kilikuwa hakina mbele wala nyuma, kimepauka kotekote. Akaanza na masikio. Akayashona, akayashindilia sufi kwa mpini wa mwiko wangu mpaka yakawa magumu kama mihogo mibichi. Marefu, usiseme. Kisha akashona mwili kwa nje, kama anavyofunga godoro, kingo za kitambaa zimesimama kama upanga wa jogoo. Masikio akayapachika kichwani kwa mshono wake ule ambao hata ng'ombe wakivuta hauachii. Chini akaacha mwanya wa kuingizia sufi.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nguo za wanangu wote nimezishona kwa mikono hii, sasa ningenyamazaje?

"Mzee, kitu cha mtoto hushonwa kinyume, halafu kinageuzwa, mshono ukae ndani. Hizo kingo zitamkwaruza mtoto uso."

"Godoro haligeuzwi."

"Huyo ni godoro?"

"Nimeshika sindano kabla wewe hujajua kufunga kamba ya kiatu."

"Geuza, nimesema!"

Akageuza. Aliingiza vidole kwenye mwanya, akavuta, jasho likamtoka, akavuta tena, mpaka sungura akageuka mzima. Laini kabisa, hakuna mshono unaoonekana. Akamjaza sufi, akafunga mwanya kwa fundo, akakata uzi kwa meno. Kisha akamnyanyua tumwone.

"Masikio yako wapi?" nikauliza.

Mzee akapapasa kichwa, kimeviringana kama kitunguu. Akapapasa shingo. Akateremka mpaka tumboni, akasimama hapo.

"Yako ndani."

"Yanafanya nini ndani?"

"Umesema geuza, nimegeuza."

"Nimesema ugeuze sungura, sikusema umlishe masikio yake!"

"Ningemgeuza yeye, masikio niyaache yaning'inie hewani?"

Na leo nasema vilevile: vitu vya watoto hugeuzwa. Masikio ni ya kushona mwisho, na fundi mzima hahitaji kuambiwa hilo.

Kelele zetu zikamtoa Chiriku chini ya kitanda. Akamchukua yule kiumbe mkononi kwa babu yake.

"Nani huyu?"

"Sungura," Mzee akajibu, macho chini.

"Babu muongo. Sungura ana masikio." Akambinya tumbo. Akambinya tena, akanyamaza, jambo ambalo hatukuwa tumelishuhudia tangu aje. "Kuna kitu humu. Kigumu. Babu, ana mimba!"

Mzee akanitazama. Mimi nikatazama mchele wangu.

"Ndiyo," akasema. "Mama mtu huyo."

Kuanzia hapo nyumba ikawa wodi. Sungura akalazwa kwenye godoro dogo la majaribio, tukakatazwa kupiga kelele, hata kufagia tukafagia kwa kunyata. Chiriku akawa anauliza maswali. Mimba inauma? Mama anachotewa maji na nani? Siku moja akaitaka simu mwenyewe. "Mama, miguu bado imevimba? Wa kwangu haijamvimba, babu hakumwekea miguu." Nikamsikia binti yangu akicheka huku analia.

Nikajua tumepona. Kumbe bado. Binti alipojifungua, mtoto wa kiume, mkwe wetu akapiga simu tumpeleke Chiriku. Chiriku akamkumbatia sungura wake.

"Siendi. Huyu hajazaa. Nitamwachaje mgonjwa?"

Mzee akanawa mikono kwa sabuni. Nikamsogeza pembeni, maana kazi ile si ya kumwachia mwanamume. Nikalifumua fundo lake kwa wembe, na ukucha ukanivunjika. Nikatoa sufi, nikaingiza vidole, nikakata masikio huko ndani yalikoshikia. Likatoka moja, limepinda, limejaa manyoya ya sufi. Chiriku akasogeza pua karibu. Likatoka la pili.

"Pacha!"

Mzee akawatia macho ya uzi mweusi. Mimi nikamshona mama yao, mshono wa ndani, kama inavyotakiwa.

Tulipofika kwao, binti yetu alikuwa kitandani na mtoto ubavuni, ananitazama mimi, anaogopa kumtazama Chiriku mlangoni. Chiriku akaingia, mama sungura kwapani, pacha mikononi. Akamfunua mdogo wake blanketi, akapekua hadi miguuni.

"Mama, mmoja tu?"

"Mmoja tu, mwanangu."

Akamwonea huruma kweli. Akamlaza pacha mmoja kando ya mtoto. "Nakuazima huyu. Na mimi nitakaa hapa nikusaidie, wewe hujazoea." Kisha akapanda kitandani, akajibana katikati yao, binti yangu akamfunika.

Mzee akamuuliza Chiriku kwa utani, "Mke wangu, basi mimi unaniacha?"

"Nenda na bibi," akasema. "Mkifika mshoneeni sungura na mume wake. Huyo msimgeuze."